Namba ya vyumba 64: deni ambalo mfalme hakuweza kulilipa

Ipo namba moja yenye tarakimu 20 ambayo imekuwa ikitajwa katika vitabu vya Waarabu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ambayo leo imejificha ndani ya kompyuta na simu za mkononi za mamilioni ya watu. Namba hiyo ni 18,446,744,073,709,551,615.

Namna ya kuipata inaweza kueleweka hata na mtoto wa shule ya msingi. Unaanza na moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, na kuendelea kuongeza maradufu mpaka utimize hatua 64. Halafu unajumlisha zote. Hakuna siri nyingine. Hata hivyo urahisi huo ndio uliomwingiza mfalme mmoja wa hadithi katika aibu, na ndio uliowapotezea fedha maelfu ya watu wa Kenya na Tanzania katika miaka ya 2000.

Kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, 64 si idadi ngeni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na huchezwa kwa kete 64, kila mchezaji akiwa na kete 32. Mashimo hayo nayo yana namba yake, ambayo, kama itakavyoonekana, ina undugu wa damu na namba tunayoizungumzia. Lakini kisa chenyewe hakikuanzia kwenye bao. Kilianzia kwenye sataranji, mchezo ulioletwa kutoka India, ambao ubao wake una vyumba 64.

Waziri na chembe zake

Kisa hicho kimesimuliwa kwa njia nyingi. Mwanahistoria al-Yaqubi alikitaja katika karne ya 9, na Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, akakieleza kwa urefu katika kamusi yake mashuhuri ya wasifu wa watu wakubwa, pale alipokuwa akimzungumzia as-Suli, bingwa wa sataranji wa zama za makhalifa wa Baghdad.

Inasimuliwa kwamba Mhindi aliyeitwa Sissa bin Dahir alimbunia mfalme wake mchezo huo. Mfalme akafurahi mno na kumtaka aseme malipo anayoyataka. Sissa akaomba ngano: chembe moja kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kila chumba kiwe na maradufu ya kile kilichokitangulia. Mfalme akaona ombi hilo ni dogo, hata akamlaumu kwa kutoheshimu ukarimu wake. Makarani wa hazina walipoketi kupiga hesabu, walirudi na habari kwamba ngano yote ya ufalme haitoshi.

Ibn Khallikan mwenyewe anakiri kwamba hapo mwanzo hakuliamini jambo hilo. Aliyemwondolea shaka ni mhasibu mmoja wa Iskandaria. Mhasibu huyo hakujisumbua kuandika tarakimu ndefu. Alitumia vipimo vya sokoni, kama ambavyo mtu wa pwani angetumia kibaba na pishi.

Chumba cha 16 kina chembe 32,768. Kiasi hicho mhasibu alikichukua kuwa sawa na kipimo kimoja cha kadaha. Akaendelea kuongeza maradufu. Kufikia chumba cha 20 alikuwa na kadaha 16, ambazo ni waiba moja, na waiba sita hufanya irdabu. Chumba cha 40 kikawa na irdabu 174,762 na theluthi mbili, akasema hiyo na iwe ghala moja. Chumba cha 50 kikawa na maghala 1,024, akasema hayo na yawe mji mmoja. Chumba cha 64 kikahitaji miji 16,384.

Anayeirudia hesabu hiyo leo ataona kwamba mhasibu wa Iskandaria hakukosea mahali popote. Vipimo vyake vinakubaliana mpaka ile theluthi mbili ya irdabu.

Kwa vipimo vya sasa, chembe elfu moja za ngano huwa na uzito wa gramu 40 hivi. Deni lote la mfalme basi ni kama tani bilioni 738. Dunia nzima katika miaka hii huvuna ngano takriban tani milioni 800 kwa mwaka. Mfalme angehitaji mavuno ya ulimwengu mzima ya zaidi ya miaka 900, bila mtu yeyote kula hata mkate mmoja.

Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas, mtaalamu wa hisabati, aliitumia namba hiyo hiyo katika fumbo lake la visahani 64 vinavyohamishwa kimoja kimoja kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Mwendo mfupi kabisa wa kulimaliza fumbo hilo una hatua nyingi sawasawa na chembe za Sissa. Kwa mtu anayehamisha kisahani kimoja kila sekunde bila kulala, kazi itachukua zaidi ya miaka bilioni 584. Wanasayansi wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8.

Hesabu za Kihindi

Mwafrika Mashariki aishiye Jeddah, awe katika mtaa wa Al-Hindawiyah au kwingineko, huona kila siku kwenye vibao vya magari namba ileile imeandikwa mara mbili: kwa tarakimu zinazotumika Ulaya na Afrika Mashariki, na kwa zile ambazo Waarabu wenyewe huziita tarakimu za Kihindi. Namna zote mbili zina asili moja. Zilitoka India, zikapokewa na wanazuoni wa Baghdad, miongoni mwao al-Khwarizmi wa karne ya 9, kisha zikagawanyika, tawi moja likabaki mashariki na jingine likapitia Afrika Kaskazini hadi Ulaya. Lugha ya Kiswahili nayo ilichukua fungu lake katika safari hiyo. Maneno hesabu, tarakimu, sifuri, mia na elfu ni ya Kiarabu, na laki ni ya Kihindi.

Kwa maneno hayo ya kale namba yetu haitamkiki kwa urahisi. Anayetaka kuisoma yote atalazimika kukopa majina mageni: kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551 na 615. Pengine ni afadhali kusema tu kwamba ni bilioni 18 na nusu kasoro kidogo, kila moja ikiwa imezidishwa kwa bilioni nyingine.

Mtu aliyeihesabu kwa ustadi mkubwa ni Abu Rayhan al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm, katika kitabu chake kuhusu kalenda za mataifa ya kale alichokiandika karibu na mwaka 1000. Al-Biruni hakuzidisha kwa mbili mara 63. Aliona kwamba anaweza kuruka. Alichukua 16 akaizidisha kwa yenyewe, akapata 256. Akaizidisha 256 kwa yenyewe, akapata 65,536. Akarudia tena, ikawa 4,294,967,296. Akarudia mara ya nne, ikawa 18,446,744,073,709,551,616. Kisha akatoa moja.

Kwa nini atoe moja? Hapa ndipo ilipo sifa ya msingi ya hesabu ya kuongeza maradufu. Jumla ya vyumba vyote mpaka mahali fulani daima ni pungufu kwa moja tu kuliko chumba kinachofuata. Moja jumlisha mbili ni tatu, na chumba kinachofuata kina nne. Moja, mbili na nne ni saba, na kinachofuata kina nane. Kwa hiyo aliyekwishajua kile ambacho kingekuwa chumba cha 65, lau ubao ungekuwa nacho, hana haja ya kujumlisha. Anatoa moja na kazi imekwisha.

Wanahesabu wa zama hizo walikuwa pia na njia ya kulipima jawabu, waliyoiita mizani. Hujumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja. Kwa 16 inabaki 7. Kwa 256 inabaki 4, na 7 mara 7 ni 49, ambayo nayo huishia 4, kwa hiyo mizani imekaa sawa. Kwa 65,536 inabaki 7, kwa inayofuata inabaki 4, kwa ya mwisho 7. Ukitoa moja unabaki na 6. Jumla ya tarakimu za namba yetu ni 87, nayo huishia 6. Kipimo hiki hakigundui kila kosa, kwa mfano tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, lakini kwa mtu mwenye kalamu na karatasi ni mlinzi mzuri.

Msomaji anayetaka kurudia kazi ya al-Biruni kwa kompyuta ya ofisini ajihadhari. Programu zinazotumika sana za majedwali ya hesabu hushika tarakimu 15 tu za mwanzo, na zilizobaki huzijaza sifuri, kwa hiyo zitamwonyesha namba inayoishia na 600,000. Mwanazuoni wa miaka elfu moja iliyopita alikuwa sahihi zaidi.

Chumba cha mwisho na walioingia mwisho

Sifa hiyo ya msingi ina upande wa pili, nao ndio wenye madhara. Chumba cha 64 peke yake kina chembe 9,223,372,036,854,775,808. Vyumba 63 vilivyokitangulia, vyote kwa pamoja, vina chembe 9,223,372,036,854,775,807. Cha mwisho kinavishinda vyote kwa chembe moja. Na si hicho tu. Popote utakaposimama kwenye ubao, chumba ulichopo kimebeba zaidi ya nusu ya kila kitu kilichowekwa tangu mwanzo.

Sasa badala ya chembe weka watu.

Mtu mmoja anaanzisha mpango wa fedha. Anawaingiza wawili, kila mmoja wao anawaingiza wawili, na hao nao vilevile. Hakuna biashara inayofanyika, hakuna shamba wala duka. Fedha ya anayelipwa ni fedha ya aliyeingia nyuma yake. Safu ya 10 ina watu 512, na jumla yao wote ni 1,023. Mpango ukisimama hapo, watu 512 hawana walio chini yao, na hawatapata kitu. Na ikiwa sharti la kulipwa ni kwamba walio chini yako nao wawe wamekwisha kuingiza watu wao, basi safu ya 9 nayo inapotea, na waliopoteza wanakuwa 768 kati ya 1,023, yaani robo tatu.

Wengi hudhani balaa la mipango hiyo ni viongozi kutoroka na fedha. Ni kweli wapo wanaotoroka. Lakini hata mwanzilishi angekuwa mwaminifu kupita kiasi, asichukue hata senti, hesabu ingekuwa ileile. Mpango ukisimama wiki hii au mwaka ujao, ukiwa na watu mia au milioni, zaidi ya nusu ya waliomo watakuwa safu ya mwisho. Kurefusha maisha yake hakuwapunguzi wanaoumia, kunawaongeza.

Wala hauwezi kurefuka sana. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Tanzania kuwa na watu 61,741,120. Kufikia safu ya 26, mpango wa kila mtu kuleta wawili utakuwa umehitaji watu 67,108,863, zaidi ya Watanzania wote, vichanga na wazee wakiwemo. Kenya, iliyokuwa na watu 47,564,296 katika sensa ya 2019, nayo inamalizika katika safu hiyohiyo. Safu moja kila wiki ni nusu mwaka. Kufikia safu ya 33 watahitajika zaidi ya bilioni 8 na nusu, na dunia nzima haina watu hao.

Panapoahidiwa mara tatu mambo huenda kasi zaidi. Aliyetoa shilingi 1,000 akaahidiwa 3,000 hulipwa kwa fedha za watu watatu wapya. Moja, tatu, tisa, ishirini na saba: safu 17 tu zinahitaji watu 64,570,081, na walio katika safu ya mwisho ni theluthi mbili ya wote.

Afrika Mashariki ililipa ada ya somo hili. Nchini Kenya mipango ya aina hiyo ilienea sana kati ya 2006 na 2007 kabla ya kuanguka. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kiliripoti mwaka 2009 kwamba karibu Wakenya 150,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Mwaka huohuo nchini Tanzania mamlaka ziliifunga DECI, iliyokuwa na wanachama katika mikoa mingi, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Lugha iliyotumika huko ilikuwa ya shambani: mwanachama hupanda, kisha huvuna. Ilikuwa ni ngano ya Sissa kwa jina jingine, na waliokuwa wakipanda mwisho hawakuwa na wa kuwavunia.

Ni vyema kutochanganya mambo. Upatu wa akina mama mtaani, au mchezo wa kupeana zamu kama unavyojulikana, hauna dosari hii. Watu 12 wanaotoa shilingi 10,000 kila mwezi humpa mmoja wao 120,000, na baada ya mwaka kila mtu ametoa 120,000 na amepokea 120,000. Hakuna anayehitaji kuletwa kutoka nje. Hatari yake ni mtu kupokea kisha akaacha kutoa, na hiyo ni hatari ya tabia za watu. Neno upatu limeharibiwa jina kwa kubandikwa kwenye vitu visivyokuwa upatu.

Namba saba zisizogawanyika

Kwa wanahisabati, namba ya Sissa inapendeza kwa sababu nyingine kabisa. Namba kubwa kiasi hicho kwa kawaida huwa ngumu kuvunjavunja katika vigawanyo vyake. Hii hufunguka kama sanduku lenye sanduku ndani yake.

Ufunguo ni jambo dogo ambalo mtu anaweza kulijaribu kichwani. Chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, kisha toa moja. Jawabu ni sawa na kumzidisha jirani yake wa chini kwa jirani yake wa juu. Kumi mara kumi toa moja ni 99, nayo ni 9 mara 11.

Na kwa kuwa al-Biruni aliipata namba yake kwa kuzidisha 4,294,967,296 kwa yenyewe na kutoa moja, basi ni lazima iwe 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ya kwanza kati ya mbili hizo nayo ilipatikana kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo ni 65,535 mara 65,537. Vivyo hivyo 65,535 ni 255 mara 257, na 255 ni 15 mara 17, na 15 ni 3 mara 5. Mkononi zimebaki 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Tano za mwanzo ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliziona mnamo mwaka 1640 na akaamini kwamba ya sita nayo ni tasa, na zote zitakazofuata kwa mtindo huo. Hakuwa na uthibitisho. Karibu miaka mia moja ilipita, mpaka mwaka 1732, Mswisi Leonhard Euler alipoonyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Fermat, ambaye kukosea kwake kulikuwa nadra, hapa alikosea. Tangu hapo hakuna mtu aliyepata namba tasa nyingine ya aina hiyo zaidi ya zile tano, ingawa zimetafutwa kwa kompyuta zenye nguvu kubwa, na hakuna aliyethibitisha kwamba hazipo.

Namba ya Sissa basi ni zao la namba tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Hakuna hata moja inayojirudia, na kwa sababu hiyo idadi ya namba zinazoigawa bila kubakiza ni 128, ukihesabu moja na namba yenyewe. Na 128 ndiyo ambayo waziri angeandika baada ya 64.

Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani wa miaka 18, Carl Friedrich Gauss, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee, jambo ambalo wataalamu wa Ugiriki ya kale hawakulifikia. Siri ilikuwa katika namba tano za Fermat. Maumbo yenye idadi witiri ya pande yanayojulikana kuchorwa kwa njia hiyo ni 31 tu, na idadi za pande zake ni vigawanyo vya 4,294,967,295. Lililo kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295 hasa, ingawa hakuna anayetarajiwa kulichora.

Namba ya bao

Turudi sasa kwenye mashimo 32. Lau Sissa angekuwa mtu wa Lamu au Unguja na akaomba kete kwa mashimo ya bao, moja, mbili, nne na kuendelea, jumla yake ingekuwa 4,294,967,295. Ni ileile tuliyoikuta ndani ya namba ya sataranji. Unaweza kusema kwamba namba ya sataranji ni namba ya bao ikizidishwa kwa namba ya bao iliyoongezwa mbili.

Kompyuta huandika hesabu zake kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Nafasi 32 za namna hiyo zikijazwa moja tupu zinasomeka kuwa namba ya bao, na nafasi 64 zikijazwa hivyo zinasomeka kuwa namba ya sataranji. Hiyo ndiyo sababu namba hizi mbili zimo ndani ya mashine zetu: ni ukomo wa kile kinachoweza kuandikwa katika nafasi hizo.

Mwaka 1981 wahandisi wa Marekani walipoweka kanuni za anwani za mtandao, walikipa kila chombo kitakachounganishwa anwani ya nafasi 32. Ukihesabu na ile ya sifuri tupu, anwani zilizowezekana ni 4,294,967,296. Wakati huo zilionekana nyingi kupita haja, kama ngano ilivyoonekana kidogo kwa mfalme. Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa mashirika ya mabara. Afrika, iliyochelewa kuunganishwa, ilibaki na akiba yake kwa muda mrefu kuliko wengine, lakini AFRINIC, taasisi ya bara hili yenye makao nchini Mauritius, ilianza kubana ugawaji mwaka 2017. Tangu Januari 2020 mwombaji mmoja akaweza kupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja.

Ndiyo maana simu za watu wengi mjini Mombasa, Kigoma au Kampala hujikuta zinatoka nje kwa anwani moja ya pamoja ya kampuni inayowahudumia, kama wapangaji wa nyumba moja wanaotumia sanduku moja la barua. Mpango mpya wa anwani, ambao umekuwa ukienea taratibu kwa miaka mingi, una nafasi 128. Nusu ya nafasi hizo hutambulisha mtandao, na nusu nyingine huachiwa vyombo vilivyomo ndani yake. Kwa kawaida mtandao mmoja mdogo, hata ule wa nyumba yenye simu tatu na televisheni moja, hutengewa anwani 18,446,744,073,709,551,616, yaani chembe zote alizozidai Sissa, na moja zaidi.